Mlango wa Choo cha Bwana Afya

Bwana Afya wa kijiji chetu alikuwa na pua kali kwa uchafu wa wenzake, lakini kwa moshi wa sigara yake mwenyewe hakuwa na pua kabisa. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliomjua huanza na mengine. Huanza na baiskeli yake iliyokuwa iking'aa, shati lake jeupe la mikono mirefu, na jinsi alivyovizunguka vijiji vyote vya milimani kwetu, kule juu ya Kondoa, akikagua vyoo, hadi watu wakamwita kwa cheo na kusahau jina. Mimi jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu hata dada yake wa tumbo moja humwita Bwana Afya, nami sioni kwa nini nimpe zaidi ya alichopewa na dada yake.

Ni vizuri nijieleze na mimi pia, ingawa kwa Dodoma ya sasa sihitaji utangulizi mrefu. Nilizaliwa kwenye nyumba ya tembe. Nilibeba magunia ya alizeti mgongoni ili nipate ada, nikajisomesha hadi nikapata stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Nikaenda Uarabuni, nikakaa miaka mingi nikipoza nyumba za watu ambao kwao hata ukuta ukiugusa unaungua. Nimerudi na fedha halali, nimejenga Area D, na ofisi nyingi za serikali zilizohamia huku zinapata ubaridi kwa mikono yangu. Sikubebwa na mjomba wala mheshimiwa. Nayasema haya kwa sababu Bwana Afya, nilipokuwa mdogo, alitamka mbele ya watu kwamba mtoto anayelelewa kwenye moshi wa jiko kama la mama yangu hawezi kuwa na akili nyepesi. Neno hilo nimeingia nalo katika kila chumba cha mtihani, na nimefaulu mitihani yote.

Silaha yake ilikuwa chaki. Aliiweka kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake waliweka kalamu. Akimaliza kukagua choo, alichora mlangoni: alama ya vema kama kimemridhisha, mkasi, yaani mistari miwili iliyokatana, kama hakikumridhisha. Nimewaona watu wazima, wenye mashamba na ng'ombe, wakisugua mkasi kwa kitambaa kibichi kabla majirani hawajapita. Lakini chaki ilihitaji mahali pa kuandikia, na nadhani ndiyo maana jambo lake kubwa maishani likawa mlango. Shimo likiwa fupi alikuongezea muda. Sakafu ikiwa na ufa alikupa ushauri. Mlango hakusamehe. Gunia lililotundikwa hakulihesabu, wala mabua ya mtama yaliyofungwa kwa kamba.

"Choo kisicho na mlango ni shimo," alisema, "na shimo ni la panya."

Alimwambia hivyo imamu wetu, mzee wa watu, siku ya Ijumaa, mbele ya waumini waliokuwa wakitawadha. Imamu akatafuta mbao wiki ileile.

Sasa niseme alichokuwa akikifanya nyuma ya milango hiyo. Alikuwa akivuta sigara. Hakuvuta barabarani, hakuvuta nyumbani kwake, hakuvuta hata mnadani ambako kila mwanamume alivuta. Alivuta chooni tu, kwenye choo cha mtu aliyekwenda kumkagua. Akiingia, mlango unafungwa, wenye nyumba wanasimama uani kungoja hukumu, na ule ukimya mrefu wanauchukulia kuwa ni ukaguzi wa kina. "Leo anapima kwelikweli," wananong'onezana. Moshi uliotokea juu ya mlango alikuwa na maelezo yake: alisema anachoma karatasi ili aone hewa inapita upande gani. Watu wenye ndevu walilikubali hilo. Mimi nimesomea mzunguko wa hewa, na nawaambia hakuna chuo kinachopima hewa ya choo kwa kikohozi.

Akitoka, tayari alikuwa na karafuu mdomoni. Alizinunua kwa wingi gulioni na kuzitafuna kutwa nzima, hata akikukaribia ulisikia harufu ya pilau. Kwa miaka mingi nilidhani karafuu ndiyo harufu ya serikali.

Kijiji kizima kilikuja kujua, bila shaka. Akina mama waliofagia vyoo waliviona vipisi vya sigara kwenye nyufa za ukuta. Lakini nani angesema? Kwetu, kumwambia mtu mzima kwamba mnajua anachofanya chooni ni utovu wa adabu, na yeye aliikalia adabu yetu kama mtu anavyokalia kiti alichokaribishwa. Kwenye mikutano ya hadhara alisimama akafunua picha kubwa ya mapafu, akagonga kwa fimbo sehemu iliyopakwa rangi nyeusi, akasema tumbaku ni adui wa taifa. Wazee walitikisa vichwa. Mkutano ukiisha, aliuliza kama mwenyekiti wa kijiji ana choo.

Mama yangu alikuwa mjane mwenye kibanda cha chai na chapati karibu na stendi. Alipikia kuni, kama kila mtu. Bwana Afya alikifunga kibanda kile kwa sababu ya moshi. Hakusema chapati zina uchafu wala vikombe havioshwi. Alisema moshi wa jiko unaingia kwenye vifua vya wateja. Aliyasema hayo akiwa ametoka kwenye choo chetu, karafuu shavuni, macho yakimtoka machozi kwa kukohoa.

"Na wewe, Bwana Afya, kifua chako kina nini?" mama alimuuliza.

"Vumbi la njia zenu, Bibi. Ni kwa kuwazungukia ninyi."

Msimu mzima mama akapikia nje, juani, upepo wa kiangazi ukimmwagia mchanga kwenye unga. Wateja walitafuna wakasaga meno. Mimi ndiye niliyekuwa nikikinga upepo kwa bati lililokunjwa, na huenda ndipo nilipoanza kufikiria namna ya kuiamuru hewa iende ninakotaka.

Kuna jambo nisipolisema mama atanikemea, naye nakaa naye nyumba moja. Kipindupindu kilipoingia kijijini, kabla ya kisa cha kibanda, wanaume walijifungia, na Bwana Afya hakujifungia. Alilala zahanati, alichemsha maji ya kijiji kizima kwenye mapipa, alibeba wagonjwa kwenye baiskeli ile inayong'aa, na baadaye akawachimbia vyoo wajane ambao hawakuwa na mtu wa kushika sururu. Chetu alikichimba mwenyewe, kwenye ardhi ya mawe, shati jeupe limetundikwa kwenye tawi. Mlango aliutengeneza kwa mbao na bati, na ulifungika vizuri kuliko mlango wa nyumba yetu. Naamini alikichimba kwa huruma. Naamini pia kwamba alichagua mahali pazuri pa kuvutia: kivuli kipo, mlango unaelekea mlimani, na upepo unapeleka moshi bondeni. Tangu siku hiyo hakuna choo kilichokaguliwa mara nyingi kama chetu.

Kustaafu kulimwonea. Mtumishi aliyestaafu hana ruhusa ya kuingia vyoo vya watu, na yeye kuvuta mahali pengine hakuwa amejifunza. Basi akawa mtu wa kutembelea marafiki. Unamkaribisha, unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anaulizia watoto, anaulizia mvua, kisha anashusha sauti kama mtu anayeulizia mgonjwa: "Na choo chenu kinaendeleaje?" Wenyeji waliangaliana, wakamwonyesha njia.

Mwaka jana akaanza kushindwa mlima. Kilima kile kinachotoka mtoni kwenda kwake alikipanda kwa vituo, mkono kifuani, akisingizia viatu, na kwa kuwa vyoo vya marafiki havikufikika tena, akaanza kuvutia kwenye chake mwenyewe. Wilayani wakampima wakasema aende Dodoma, hospitali kubwa, akapigwe picha ya mishipa ya moyo. Mtoto wake wa pekee yuko Mwanza na ana kazi zake. Akampigia simu mama yangu, na mama akaja sebuleni nikiwa natazama mpira.

"Bwana Afya atafikia hapa," alisema.

"Nyumba za wageni zimejaa tele Dodoma, mama."

"Zipo. Na hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi andaa chumba."

"Yule alikufungia jiko."

"Alifunga jiko langu na alichimba choo changu. Wewe umekumbuka kimoja."

Nilimpokea stendi. Alikuwa amepungua, shati jeupe limempwaya, kofia yake iliyoshonwa kwa mkono imeshuka hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia. Aliitikia, akaitazama gari yangu, akasema taa moja ya nyuma ina nyufa. Nyumbani, kabla hajanywa hata maji, aliomba kuona choo.

Choo changu kina vigae vyeupe hadi darini, maji ya moto na ya baridi, na feni ya kutoa hewa niliyoifunga mwenyewe ambayo ukiiwasha huisikii kama hukujifunza kuisikiliza. Nilimwonyesha kwa fahari, na sioni aibu kusema hivyo. Alizunguka, akabonyeza, akafungua, akafunga. Kisha akauliza karo la maji taka liko umbali gani kutoka kwenye tangi la maji. Nikamwambia mhandisi amepima. "Mhandisi," alisema, kama mtu anayetaja aina ya mdudu.

Kipimo chenyewe nitakieleza kwa sababu mengi yanakitegemea. Walimtoboa mshipa kwenye kinena, wakapitisha mrija mwembamba hadi moyoni, wakaingiza dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye mashine, wakapiga picha. Hakupasuliwa. Akarudishwa wodini akiwa macho, na muuguzi, dada mnene mwenye sauti ya upole, akaja kumpa masharti.

"Babu, ulale chali. Mguu huu usiukunje, usiinuke, usikae. Unywe maji mengi yatoe ile dawa. Ukishikwa na haja ndogo, chupa hii hapa."

"Hiyo chupa ni ya nini?"

"Ya kukojolea."

"Kitandani?"

"Hapohapo, babu."

"Binti, unajua mimi ni nani?"

"Mgonjwa wa kitanda cha dirishani."

Mimi nilimweleza kifundi, kwa sababu watu wa hospitali hawana muda. Nilimwambia umetobolewa bomba lenye presha, na kizibo chake ni damu iliyoganda tu. Ukikunja mguu kizibo kinachomoka. Alinitazama kutoka kwenye mto. "Nilikuwa nafundisha afya wewe hujaota meno, mtoto wa chapati." Kisha akaomba maji mengine, akanywa, na akanywa tena, kwa utii ulionishangaza.

Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha walitutoa. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini, mkabala na choo cha wodi. Haukupita muda nikaona kitu nilichokuwa nimekiona utoto wangu wote: moshi mwembamba wa buluu ukipanda juu ya mlango wa choo uliofungwa. Nilijua ni nani ndani kabla sijafikiri. Nikamwita muuguzi. Akagonga.

"Nani humo?"

"Kuna mtu," sauti ikajibu, sauti ya kazini. Kikafuata kikohozi kirefu, halafu kimya, halafu damu ikachungulia chini ya mlango.

Baadaye tulikuja kujua kwamba sigara aliificha kwenye kofia. Walimvua nguo zote wakamvisha gauni la hospitali, lakini kofia ya mzee nani angemvua? Ndani ya mkunjo alikuwa na sigara, njiti za kiberiti na kipande cha ubavu wa kiberiti cha kuwashia. Ni mpango wa mtu mwenye akili, na ndiyo maana ulinikasirisha.

Muuguzi aliusukuma mlango kwa bega. Alimkuta ameegemea ukuta, gauni limelowa damu hadi kwenye goti, sigara bado mkononi, na hata wakati ule aliinyanyua ili isilowe. Akamlaza palepale sakafuni, akaweka viganja vyote viwili kwenye kinena na kulalia kwa uzito wake wote. Akapaza sauti kuita wenzake na hakuinua mikono. Nilisimama mlangoni, nikamwona Bwana Afya, uso umekuwa rangi ya majivu, akigeuza macho huku na huku kwenye sakafu ya choo.

"Hapa hapajapigwa dawa leo," alisema.

"Nyamaza, babu," muuguzi alimwambia. "Ukikohoa unakufa mikononi mwangu."

Akanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa idara yake kumfunga mdomo.

Daktari alikuja siku iliyofuata, mtu mpole na aliyechoka. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Mzee, picha tumeiona. Mishipa ya moyo wako imebana pabaya. Nilikusudia kuizibua wiki hii. Sasa umepoteza damu, mwili hautahimili. Nenda kapumzike, meza dawa, urudi mwezi ujao."

"Nitarudi."

"Urudi bila sigara. Nikikuwekea kifaa mshipani na wewe unavuta, kitaziba, na utazikwa nacho. Umenielewa?"

"Hayo nimeyafundisha mwenyewe, daktari."

"Nimeambiwa. Ndiyo maana nauliza kama umeyaelewa."

Alivuta shuka hadi kidevuni.

Basi nikarudi naye Area D, akiwa ameegemea kiti cha nyuma kama mzigo wa vyungu. Alitakiwa kutembea polepole, kutobeba kitu, kula chakula kisicho na chumvi nyingi, na kutovuta. Mwezi mmoja wa kutovuta ndio uliosimama kati yake na kaburi; daktari hakulificha, na mama alilirudia kila akimpelekea uji. Yeye alilalamikia uji. Alilalamikia feni, kwamba inakula umeme. Alilalamikia bajaji zinazopita, kwamba zinatimua vumbi linaloingia kifuani kwake, na mimi nikatoka nje ili nisimjibu mgonjwa.

Asubuhi moja nikaisikia ile feni inayolaumiwa kwa kula umeme. Ilikuwa imewashwa na inaendelea tu. Nimewaambia huisikii kama hukujifunza, mimi nimejifunza. Nikaenda, nikasimama mlangoni, nikanusa karafuu. Sikusema kitu, maana bado nina adabu ya kwetu. Alipotoka nilichukua bisibisi, nikalitoa komeo la mlango wa choo, nikaukata waya wa feni. Alinitazama kutoka kwenye kiti chake barazani, naye hakusema kitu, kwa adabu ileile.

Kilichobaki alikifanya mama. Kila Bwana Afya alipokwenda chooni, mama alivuta kigoda chake hadi ukumbini, akakaa mbele ya mlango ule usiofungika akichambua mchele.

"Bwana Afya, uko hai?"

"Niko hai."

"Sema kitu basi nikusikie."

"Niseme nini, Bibi?"

"Sema chochote. Ulikuwa msemaji zamani."

Na kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe, ilianza kutoka ile hotuba tuliyoijua wote. Choo kiwe mbali na kisima. Choo kiwe na kifuniko. Choo kiwe na hewa ya kutosha. Akifika kwenye mlango, alinyamaza.

"Endelea," mama alisema. "Choo kiwe na nini?"

"Bibi, umeshinda."

"Mimi sishindani na mtu. Nachambua mchele."

Jeraha lilipopona aliomba kurudi kwao kungoja siku ya daktari. Alisema dada yake yuko peke yake na mbaazi zinavunwa. Mama alimfungia chapati. Mimi nilimpeleka stendi na, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusema ukweli, nilimwambia kwamba basi halitafika Chemba kabla yeye hajawasha sigara. Alipanda bila kuniaga. Nilirudi nikarudisha komeo na waya wa feni, nikamwambia mama kwamba tumepoteza mwezi. Mtu aliyevuta huku damu inamtoka, nikasema, hawezi kuacha kwa sababu ya mbaazi.

Siku ya kumfuata ilipofika sikuwa na hamu. Niliondoka alfajiri, nikapita Chemba jua limeshachomoza, watu wakishusha mbuzi kwa ajili ya mnada, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikusudia kumnusa, tena bila kificho. Akinuka, ningegeuza gari, nikamwambie mama kwamba nafasi ya matibabu apewe mwingine anayeitaka roho yake.

Nilimkuta uani, ameketi, shati jeupe limepigwa pasi, begi miguuni. Nikamwamkia, akaitikia. Pumzi yake ilinuka karafuu, na moyo wangu ukakunjika kwa hasira, maana karafuu hazithibitishi lolote ila kwamba anazo. Dada yake akanipa chai. Safari ilikuwa ndefu na chai ilikuwa nyingi, nikauliza choo kiko wapi.

"Nyuma, kama kawaida," alisema, akainuka kunifuata.

Niliona bawaba kwanza. Zilikuwa zimebaki kwenye mhimili, zimepakwa mafuta vizuri, na hazikushika kitu. Choo cha Bwana Afya kilikuwa wazi kama kinywa, kimeikabili njia ya watu wanaokwenda mtoni.

"Mlango uko wapi?"

Akanyoosha kidole. Ulikuwa umelazwa juu ya mawe katikati ya uwanja, na dada yake ameanika mlenda juu yake. Mlango wa choo, na juu yake mboga.

"Umesuguliwa kwa majivu," alisema kabla sijasema. "Mara nyingi."

"Choo kisicho na mlango ni shimo."

"Ndivyo."

"Na watu wakipita?"

"Wanapita. Wananiona. Mmoja shikamoo Bwana Afya, naitikia marahaba. Mwingine anaulizia kifua changu, namjibu. Mtu hawezi kuvuta huku anaitikia salamu."

"Ungevutia kwingine."

"Wapi? Sijawahi kuvuta nje mimi. Mkono wenyewe unakataa." Alikohoa kidogo, kikohozi kifupi, kikavu. "Niliung'oa siku ile niliyotoka kwako. Kijiji kimecheka kikachoka."

Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha chaki, akanipa.

"Haya. Mwenye stashahada ni wewe. Kikague."

Niliingia. Yeye akasimama nje, amenipa mgongo, akainyoosha mikono kidogo pande zote mbili kama mlango. Nikachuchumaa na kunusa. Nilinusa majivu, nikanusa chokaa, nikanusa kile ambacho kila choo kinanuka. Nikaingiza vidole kwenye nyufa za ukuta alikokuwa akificha vipisi, nikatoa vumbi na utando wa buibui. Nikamaliza haja yangu na bado nikabaki, nikanusa tena, kila kona, mpaka mama mmoja mwenye ndoo akapita njiani.

"Shikamoo Bwana Afya. Humo yumo nani?"

"Marahaba. Mtoto wa chapati. Anapima."

Yule mama alicheka hadi akaitua ndoo. Nilitoka nikirekebisha mkanda, na sikumtazama.

"Umesikia harufu gani?" Bwana Afya aliniuliza. Bado alikuwa amenipa mgongo, na niliona shingo yake imekaza kama ya mtu anayengoja sindano.

"Ya choo."

"Tu?"

"Tu."

Akashusha mikono. Akageuka, akanitazama, kisha akaitazama chaki niliyokuwa nimeishika.

"Basi chora."

Nilitafuta pa kuchora. Ukutani palikuwa na udongo tu, na bawaba hazichoreki. Nikaenda katikati ya uwanja, nikauinamia ule mlango, nikausogeza mlenda wa dada yake kwa kiganja, nikachora mkasi, mkubwa, kutoka pembe hadi pembe ya ubao.

Bwana Afya alisogea akausimamia. Aliutazama kwa muda, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyotazama kazi za wakaguzi waliokuwa chini yake.

"Sahihi," alisema. Akachukua begi lake, akaenda kupanda gari.